Kolibaki za viendeshi vya vifaa: kutoka dalili hadi chanzo

"Yaya, mayi inamwangika, pampu haisimame!" Simu ya namna hiyo ilinijia usiku mmoja kutoka Kadutu, komini ya Bukavu, na aliyenipigia alikuwa tayari ameshapanda juu ya tangi na tochi mdomoni. Pampu haikuwa na kosa, wala boya. Kosa lilikuwa kwenye mistari michache ya C ambayo kerneli, moyo wa mfumo wa Linux, ilichoka kuiita. Nitarudi kwenye kisa hicho kwenye dalili ya sita, maana kilitufundisha mengi.

Mwongozo huu umetokana na hitilafu zinazorudi kila mara kwenye atelye yetu hapa Bukavu, ambako vijana wanaandika viendeshi vya Linux (programu zinazoendesha vifaa) kwa bodi ndogo zinazosimamia pampu, betri za sola na mizani. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: Raspberry Pi, boya la tangi (swichi inayoelea na kuhisi kimo cha maji) kwenye pini moja, na relei ya pampu (swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima) kwenye pini nyingine.

Kolibaki ni funksheni unayoiandika wewe lakini huiiti wewe. Unaikabidhi kwa kerneli, na kerneli inaiita wakati wake: katizo (ishara ya kifaa inayoikatiza prosesa) likifika, taima ikiisha, mtu akifungua faili ya kifaa, moduli (kiendeshi kilichopakiwa) ikitolewa. Ndiyo maana msomaji wa msimbo anaweza kuusoma mara kumi asione kosa. Kosa liko kwenye hali ambamo msimbo umeitwa. Mbele ya kila dalili hapa chini, uliza maswali matatu: nani ananiita? Ananiita mahali ninaporuhusiwa kulala, yaani kusimama na kusubiri, au nisiporuhusiwa? Na anaponiita, ameshika kufuli gani, yaani alama inayozuia wawili kugusa data ileile kwa pamoja?

Kabla ya kuanza, ondoa pampu. Weka taa ndogo ya LED na kizuizi chake mahali pa relei, nakili kadi ya SD, halafu acha dmesg -w, inayoonyesha logi ya kerneli, ikitembea kwenye dirisha la pembeni. Hakuna anayetafuta kosa la kerneli huku mota ya volti 220 ikiwa imeunganishwa.

Dalili ya 1: kolibaki haiitwi kabisa

Hii ndiyo inayoletwa zaidi. Unaliinua boya, unalishusha, kimya.

Soma cat /proc/interrupts, yenye hesabu ya makatizo, utafute mstari wenye jina la kiendeshi chako. Sogeza boya kwa mkono mara tano, kisha soma tena.

Ikiwa mstari haupo, kerneli haijui kwamba unasubiri kitu. Mara nyingi probe yenyewe (kolibaki inayoanzisha kiendeshi kifaa kikipatikana) haikuitwa, kwa sababu neno la compatible kwenye mti wa vifaa (faili inayoiorodheshea kerneli vifaa vya bodi) halilingani herufi kwa herufi na lile ulilolitaja kwenye kiendeshi. Koma iliyogeuka nukta inatosha kukula siku nzima. Sababu inayofuata: probe iliitwa, ikarudisha -517, yaani kuna kifaa kingine inachokitegemea ambacho hakijawa tayari. Faili ya /sys/kernel/debug/devices_deferred inakutajia wote walio kwenye foleni hiyo. Baada ya hapo, angalia kama request_irq, inayoomba katizo, ilirudisha kosa ukalipita bila kulisoma. Namba -16 ina maana laini ya katizo imeshikwa na kiendeshi kingine na hamjakubaliana kuichangia kwa IRQF_SHARED. Namba -22 ina sababu nyingi, lakini kwa vijana wetu karibu kila mara ni ileile: wametumia request_threaded_irq bila mhudumu wa kwanza (funksheni inayojibu katizo papo hapo), wakasahau IRQF_ONESHOT. Kerneli inaliandika hilo wazi kwenye logi. Tatizo ni kwamba hawasomi logi.

Ikiwa mstari upo lakini hesabu haipandi, acha msimbo, tazama umeme. Umeomba katizo wakati pini inapanda, ilhali boya linaivuta chini? Je, pini inaelea, haina kizuizi cha kuivuta juu? Vizuizi vya ndani vya Raspberry Pi ni dhaifu, karibu kilo-omu 50. Vinatosha kwa waya wa mezani, havitoshi kwa waya unaopanda mlima hadi kwenye tangi. Kama kifaa chako ni chipu yenye akili yake, chunguza pia rejista yake ya kuruhusu makatizo. Kuomba katizo kwa kerneli hakukiambii kifaa kianze kulituma.

Ikiwa hesabu inapanda na wewe huoni kitu, kolibaki inaitwa. Pengine unaandika kwa pr_debug, ambayo hunyamaza hadi uiwashe, au kuna sharti mwanzoni linaloitoa funksheni mapema.

Simama hapa kama multimita inaonyesha zaidi ya volti 3.3 kwenye pini. Pini hizo hazivumilii volti 5. Usijaribu mara ya pili "kuona kama itashika". Mpe fundi wa elektroniki akuwekee kitenganishi cha mwanga kati ya boya na bodi.

Dalili ya 2: logi inasema "scheduling while atomic" au "sleeping function called from invalid context"

Heri upate ujumbe huu kuliko kuukosa. Kerneli inakuambia kwamba umelala mahali pasipolaliwa. Mhudumu wa katizo anafanya kazi huku kiini cha prosesa kimesimamishwa kwa ajili yake, wala hana mchakato wake wa kupumzisha. Akilala, hakuna wa kumwamsha.

Wanaolala bila watu kujua, kwa mpangilio ninaowakuta: msleep, ambayo hata jina lake linajieleza, mutex_lock, kmalloc iliyopewa GFP_KERNEL (ombi la kumbukumbu linaloruhusiwa kusubiri), mazungumzo yoyote ya I2C au SPI (njia za waya za kuongea na chipu), na copy_to_user. Hilo la I2C ndilo linalowashangaza wengi. Mtu anahamisha relei kutoka pini ya bodi kwenda kwenye chipu ya kuongeza pini iliyo kwenye I2C, habadilishi kitu kingine, na kiendeshi kilichokuwa kizima miezi sita kinaanza kupiga kelele. Sababu ni kwamba pini ile sasa inafikiwa kwa mazungumzo yanayosubiri, na anapaswa kutumia gpiod_set_value_cansleep, tena mahali panaporuhusu kulala.

Dawa ya kwanza ni kuigawa kazi. Mhudumu wa katizo aguse kile tu kisichoweza kungoja, kisha aikabidhi iliyobaki kwa uzi wa katizo (request_threaded_irq) au kwa foleni ya kazi (schedule_work). Huko ndani unalala unavyotaka. Kubadilisha GFP_KERNEL kuwa GFP_ATOMIC kunanyamazisha ujumbe, lakini sikupendekezi kama tabia: ombi la namna hiyo hushindwa haraka kumbukumbu ikibana, na wengi hawaangalii kama limerudisha NULL.

Sababu isiyo ya kawaida, ngumu zaidi kuiona: kolibaki yako ni safi, ila aliyekuita ameshika spinlock, kufuli linalongojewa kwa kuzunguka bila kulala. Na usisahau taima. Kolibaki ya taima ya kawaida nayo hairuhusiwi kulala, ingawa hakuna katizo lolote kwenye msimbo wako.

Jenga kerneli ya majaribio yenye CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP. Bila hiyo kosa linaweza kukaa kimya hadi siku mashine iko kwa mteja.

Dalili ya 3: mashine yote inaganda

Hakuna ujumbe, hakuna SSH, taa ya bodi imekaa vilevile. Vijana hufikiri umeme umeyumba. Huenda, basi anza na umeme, badilisha adapta na waya wake, uone. Ikiganda tena ukifanya kitendo kilekile, rudi kwenye makufuli.

Kisa cha kawaida ni hiki. Funksheni ya read inashika kufuli kwa spin_lock. Ikiwa nalo mkononi, katizo linafika kwenye kiini kilekile. Mhudumu anataka kufuli hilohilo, anazunguka akilingoja. Mwenye kufuli hawezi kuendelea mpaka mhudumu amalize, na mhudumu hamalizi mpaka apewe kufuli. Tumia spin_lock_irqsave upande wa read, basi. Tahadhari: kerneli iliyojengwa kwa kiini kimoja huigeuza spinlock kuwa karibu si kitu, kwa hiyo "kwangu inafanya kazi" kwenye bodi ya zamani si ushahidi.

Cha pili: mhudumu anaita disable_irq au free_irq ya katizo lake mwenyewe. Zote mbili husubiri wahudumu wanaoendelea wamalize, naye ndiye anayeendelea, kwa hiyo anajisubiri. Ndani ya mhudumu tumia disable_irq_nosync.

Cha tatu: unafuta taima kwa funksheni ya kusubiri, ile yenye sync mwishoni, huku umeshika kufuli ambalo kolibaki ya taima nayo inalihitaji.

Cha nne, dhoruba ya makatizo. Laini ni ya kiwango (huita muda wote pini ikiwa chini), si ya ukingo (huita pini inapobadilika tu). Kifaa kinaishikilia chini mpaka usome au ufute rejista yake ya hali, nawe hukuifuta. Mhudumu anatoka, anaitwa tena papo hapo, bila mwisho.

Kwa cha kwanza na cha tatu, CONFIG_PROVE_LOCKING itakuonyesha njia mbili za makufuli zinazogongana hata kabla hazijagongana kweli. Inapunguza kasi ya mashine, lakini kila kiendeshi kipite hapo walau siku moja.

Dalili ya 4: kila kitu kizuri, hadi unapoitoa moduli

rmmod, sekunde mbili, kisha Oops, ripoti ya kerneli kwamba imejikwaa. Au hakuna kitu leo, na Oops kesho mahali pengine kabisa. Hapa ndipo ningemshauri kijana akae muda mrefu kuliko kwenye dalili nyingine zote, kwa sababu ndipo kolibaki inapoonyesha asili yake: umeondoka, lakini bado kuna mwenye jina lako anayekuja kukuita.

Mpangilio wa kuondoka ni kinyume cha mpangilio wa kuingia. Nyamazisha kifaa kwanza, halafu kata njia ya katizo, halafu maliza kazi zilizokwisha kuwekwa kwenye foleni, na mwisho kabisa rudisha kumbukumbu:

    static void tangi_remove(struct platform_device *pdev)
    {
        struct tangi *t = platform_get_drvdata(pdev);

        nyamazisha_kifaa(t);
        free_irq(t->irq, t);
        cancel_delayed_work_sync(&t->kazi);
        gpiod_set_value_cansleep(t->relei, 0);
        kfree(t);
    }

Geuza mstari wa free_irq na ule wa cancel, na umefungua mwanya: kazi imefutwa, katizo linafika, mhudumu anaweka kazi mpya, kumbukumbu inarudishwa, kazi inaamka ndani ya nyumba iliyobomolewa. Mwanya huo ni wa mikrosekunde chache. Kwenye meza hutauona; kwa mteja utaonekana.

Sasa mtego wa devm. Funksheni za devm_ zinarudisha vitu zenyewe, ila zinafanya hivyo baada ya remove kumalizika. Ukiomba katizo kwa devm_request_irq kisha ukaita kfree kwa mkono ndani ya remove, katizo bado liko hai wakati kumbukumbu yake imeshakufa. Chagua moja: vyote kwa devm, au vyote kwa mkono. Kuchanganya ndiko kunakoleta Oops za namna hii kwetu kuliko kitu kingine chochote.

Haitokei sana, lakini ipo: taima inayoweka kazi, na kazi inayoanzisha taima tena. Ukifuta moja, nyingine inaifufua. Kuanzia kerneli 6.2 kuna timer_shutdown_sync, ambayo inaifunga taima isiweze kuanzishwa tena.

Namna ya kuthibitisha: washa mashine na slub_debug=P. Ukikuta kwenye Oops anwani iliyojaa 6b6b6b6b, hakuna haja ya kubahatisha. Hiyo ni alama ambayo kerneli inaipaka kwenye kumbukumbu iliyorudishwa; umemgusa maiti. KASAN, kikaguzi cha kumbukumbu kilicho ndani ya kerneli, itakupa zaidi: nani aliiomba, nani aliirudisha, na nani ameigusa baadaye.

Simama ukiona mafaili yanaharibika, au Oops zinatokea kila mara sehemu tofauti isiyohusu kiendeshi chako. Kumbukumbu ya kerneli inaandikwa ovyo, na diski inaweza kufuata. Zima mashine. Na kama kiendeshi chako kinatumia DMA (kifaa kuandika kwenye kumbukumbu bila kupitia prosesa), tafuta mtu aliyewahi kuandika kiendeshi cha DMA kabla ya kuiwasha tena; kifaa kinaweza kuandika mahali pasipo pake bila prosesa kujua.

Dalili ya 5: kolibaki inaitwa, lakini data iliyopewa ni takataka

Angalia kielekezi ulichokikabidhi. Kosa la mara kwa mara ni kutoa anwani ya kigezo cha ndani ya probe. Probe ikiisha, kigezo nacho kimeisha. Linalofuata ni container_of (inayopata muundo mzima kutoka kwa mwanachama wake mmoja) iliyotajiwa mwanachama asiye wake: kwenye muundo wenye kazi mbili, umeandika ya kwanza na aliyeita ni ya pili. Kikompaila hakilalamiki, kwa sababu aina ni moja.

Mengine ni umri wa mfano ulionakiliwa. Kolibaki za taima zilikuwa zikipokea namba ya unsigned long hadi kerneli 4.15 ilipobaki na kielekezi cha struct timer_list peke yake. Kolibaki ya remove ya viendeshi vya jukwaa iliacha kurudisha int kwenye 6.11. Ukiona onyo la aina zisizolingana, usilinyamazishe kwa kulazimisha aina. Onyo hilo ndilo linalokuokoa.

Dalili ya 6: kolibaki inaitwa mara nyingi mno, halafu inanyamaza moja kwa moja

Turudi Kadutu. Mwenye tangi alisema jambo moja tulilolipuuza: pampu ikijaza kwa muda mfupi inasimama vizuri; ikijaza muda mrefu, haisimami. Baada ya nusu saa hivi, siku nyingine karibu saa nzima.

Kwenye logi kulikuwa na ujumbe wa "nobody cared", na chini yake "Disabling IRQ". Kerneli inahesabu. Katika makatizo 100,000 ya laini moja, ikiwa zaidi ya 99,900 yamejibiwa IRQ_NONE, yaani "si langu", inahukumu kwamba laini imeharibika na kuifunga. Kijana wetu aliandika mhudumu mwenye busara kwa macho: anasoma pini, na kama boya halijabadilika anarudisha IRQ_NONE. Lakini yale makatizo yalitoka wapi? Nilikaa mbele ya /proc/interrupts na saa ya mkononi. Pampu ikiwa imezimwa, hesabu ilisimama. Pampu ikiwaka, ilipanda hamsini kila sekunde, sawasawa kama mshale wa saa.

Umeme wetu ni wa hezi 50. Waya wa boya ulikuwa umepitishwa kwenye bomba moja na kebo ya pampu, mita kadhaa kupanda kilima, na pini ilitegemea kizuizi cha ndani peke yake. Gawa 100,000 kwa 50: sekunde 2,000, dakika 33. Na kama hesabu ya kerneli ilianzia katikati, inabidi mzunguko mwingine ukamilike. Ndiyo nusu saa yake, ndiyo saa yake nzima. Laini ikishafungwa, boya lilipanda bila wa kulisikia.

Kwa hiyo, kwa mpangilio: angalia kwanza mdundo wa swichi yenyewe, kwani boya la kimakanika hugonga mara kadhaa kabla ya kutulia. Usifanye uamuzi ndani ya mhudumu. Panga kazi ya baadaye kwa mod_delayed_work, milisekunde 50 zinatosha, na uisome pini upya huko ndani. Laini ikiwa ni yako peke yako, rudisha IRQ_HANDLED hata kama ilikuwa kelele, maana katizo lilikuwa lako kweli. Kisha shughulikia kelele yenyewe: tenganisha waya na kebo ya umeme, tumia jozi iliyosokotwa, weka kizuizi cha kilo-omu 4.7 karibu na bodi. Tulifanya yote hayo Kadutu, na hesabu ikabaki pale pale pampu ikinguruma.

Halafu kuna radi. Kabare, hapa jirani, imo kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na waya mrefu ulio nje huileta ndani. Hakuna kolibaki inayozuia radi. Kitenganishi cha mwanga na kinga ya msukumo ni kazi ya fundi, na hazifungwi mvua ikinyesha.

Jambo jingine silibadilishi kwa mteja yeyote: kusimama kwa pampu kusitegemee kolibaki peke yake. Weka boya la pili, la juu zaidi, linalokata moja kwa moja umeme wa koili ya kontakta (swichi kubwa ya pampu), bila kupita kwenye bodi wala kwenye Linux. Kazi hiyo ifanywe na fundi umeme mwenye kibali, na ardhi ipimwe. Mwandishi wa programu asifungue kisanduku cha volti 220 kwa sababu tu kiendeshi ni chake.

Ukikwama

Unapomletea mtu mwingine tatizo, mletee Oops nzima tangu mstari wa kwanza, si picha ya mistari sita ya mwisho. Mara nyingi ya kwanza ndiyo ya kweli, zinazofuata ni matokeo. Ongeza uname -r, nakala mbili za /proc/interrupts ukiandika sekunde zilizopita kati yake, probe na remove zote mbili, na mchoro wa waya kwa kalamu, hata kama ni mbaya. Kwenye mchoro huo andika urefu wa kila waya na unachopita karibu nacho.